UZI: Ndege aliyekatwa neva ya sauti hujifunzaje kuimba tena, na hilo linamhusu nini mtu aliyefanyiwa upasuaji wa goita

Mto_Kiwira (mleta mada)

Wakuu, habari za jioni.

Mtu anafanyiwa upasuaji wa goita, anaamka sauti imekauka, na maelezo anayopewa ni mafupi: mshipa wa fahamu uliguswa, subiri, itarudi. Anasubiri. Miezi inapita, anaingiziwa kamera kooni, anaambiwa uzi wa sauti umeanza kucheza tena. Lakini akifungua mdomo, sauti bado si yake. Nafanya kazi kitengo cha masikio, pua na koo, watu hawa nakutana nao mara kwa mara, na nimeona niandike jambo ambalo wengi wao hawajawahi kuelezwa. Neva kupona ni kazi ya kwanza. Ubongo kujifunza upya kuitumia neva hiyo ni kazi ya pili, na mara nyingi hii ya pili ndiyo ndefu zaidi. Sehemu kubwa ya tunayoyajua kuhusu kazi hiyo ya pili yametoka kwa ndege waimbao.

Kwa nini ndege, na si panya au nyani? Kwa sababu wanyama wengi wa maabara huzaliwa na milio yao. Nyani hafundishwi kulia. Ndege waimbao, ambao ni zaidi ya spishi 4,000, wimbo wao ni wa kujifunza kwa masikio, na katika hilo wanafanana na sisi kuliko nyani anavyofanana na sisi.

Chukueni finchi-milia, ndege mdogo wa Australia mwenye uzito wa gramu 12 hadi 15 hivi, ambaye ndiye anayefugwa zaidi kwenye maabara za aina hii. Kifaranga dume anamsikiliza baba yake, wimbo anaushika kichwani, kisha anaanza kubwabwaja sauti zisizo na mpangilio. Anajisikiliza, anarekebisha, anajaribu tena. Akifikisha siku 90 hivi wimbo umekaa: silabi chache ndani ya sekunde moja au pungufu, anazirudia kwa mpangilio ule ule, na hazibadiliki sana hadi anakufa. Hiyo ndiyo inayomfanya awe kipimo kizuri. Ukimrekodi leo na ukamrekodi mwezi ujao, ukiziweka spektrogramu mbili, yaani picha za sauti, sambamba, hitilafu ndogo tu inaonekana.

Mwaka 1965 Masakazu Konishi alichapisha kazi iliyoonyesha kwamba shomoro wa Amerika mwenye kilemba cheupe, akiondolewa uwezo wa kusikia baada ya kumsikia mwalimu wake lakini kabla ya kuanza kuimba, hawezi kuutoa wimbo ule. Anao kichwani, ila hana namna ya kuulinganisha na sauti inayotoka kifuani mwake. Shikeni hapo, tutaparudia.

Naendelea kwenye posti inayofuata.

Mto_Kiwira

Sasa tuingie kwenye koo la ndege.

Sisi sauti yetu inatengenezwa juu, kwenye zoloto. Ndege ana kiungo kingine kinaitwa sirinksi, na kipo chini kabisa, pale bomba la hewa linapogawanyika kwenda mapafu mawili. Kwa hiyo sirinksi ina pande mbili, kila upande una misuli yake na neva yake, na ndege anaweza kuzitumia kwa zamu au kwa pamoja. Roderick Suthers wa Chuo Kikuu cha Indiana alikuwa akipachika vipimo vidogo vya hewa ndani ya mirija hiyo ya ndege aliye hai, anayeimba. Kwa kadinali, yule ndege mwekundu wa Marekani, mluzi mmoja unaoteremka kutoka juu hadi chini unaanzia upande wa kulia, halafu kwenye mawimbi ya karibu 3,500 kwa sekunde unapokelewa na upande wa kushoto. Sikio halisikii kiungio. Ukiusikia mluzi ule utasema umetoka kwenye koo moja, lakini ni pande mbili zimepokezana katikati ya pumzi.

Kabla ya Suthers alikuwepo Fernando Nottebohm, mzaliwa wa Argentina, akifanya kazi Chuo Kikuu cha Rockefeller, New York. Mwaka 1971 alichapisha matokeo ya kukata neva ya upande mmoja kwa ndege wa Ulaya aitwaye Fringilla coelebs, jamii ya chiriku. Waliokatwa ya kulia waliendelea na karibu wimbo wote. Waliokatwa ya kushoto walipoteza sehemu kubwa ya vipande vya wimbo. Baadaye ikaonekana hivyo hivyo kwa kanari, ambaye naye ni ndugu wa karibu wa hawa chiriku wetu wa njano mnaowaona kwenye mashamba ya mtama. Kabla ya hapo, utawala wa upande mmoja wa ubongo katika sauti ulidhaniwa ni jambo la binadamu tu.

Lakini kilichonivutia mimi ni kilichotokea kwa wadogo. Wale waliokatwa neva ya kushoto kabla wimbo haujakaa, upande wa kulia uliichukua kazi, wakakua na wimbo. Na mwaka 1979 Nottebohm na wenzake wakaonyesha kwamba kwa kanari utawala wa kushoto unaweza kuhamishwa kwenda kulia baada ya neva ya kushoto kukatwa. Kanari ana bahati moja: yeye hutengeneza upya sehemu ya nyimbo zake kila mwaka, hivyo ubongo wake unabaki na mlango wazi.

Kisiki_cha_Mpingo

Mkuu, uzi mzuri, lakini nina swali la moyoni. Huyu ndege hakuwa mgonjwa. Amekatwa neva kwa makusudi ili watu wajifunze. Anapata nini yeye? Nauliza kwa heshima, maana mimi ni mfugaji wa njiwa na siwezi kumfanyia njiwa wangu hivyo.

Mwalimu_wa_Kwaya

Naunga mkono swali la Kisiki. Halafu naomba mleta mada afafanue: ndege aliyekatwa neva anakuwa bubu kabisa?

Mto_Kiwira

Kisiki, swali lako ni la haki na sitalikwepa.

Ndege hapati kitu. Hilo liko wazi, na anayesema vinginevyo hasemi kweli. Upasuaji unafanywa chini ya dawa ya usingizi, na majaribio ya namna hii kwenye vyuo hupitia kamati ya maadili inayouliza ni ndege wangapi, kwa nini hao, na kama kuna njia nyingine. Hata hivyo ni ndege aliyekuwa mzima. Msimamo wangu ni kwamba jaribio la hivi lina uhalali pale tu swali lake haliwezi kujibiwa kwa wagonjwa wenyewe, na hapa haliwezi. Mgonjwa wangu sina rekodi ya sauti yake ya kabla. Sijui neva yake iliumia kiasi gani, ilivutwa, ilibanwa au ilikatwa. Na siwezi kuingia kwenye ubongo wake kuangalia ni sehemu gani inafanya marekebisho. Kwa finchi-milia yote hayo yanawezekana. Ukiniambia bado hukubali, nakuelewa, wala sitabishana nawe.

Mwalimu, hawi bubu, na hili lina funzo kubwa. Mwaka 1990 Simpson na Vicario waliandika kuhusu finchi-milia waliokatwa neva za pande zote mbili. Waliendelea kuimba. Mpangilio wa muda ulibaki, mahali pa kupumzika palibaki, kupanda na kushuka kwa nguvu ya sauti kulibaki kwa kiasi kikubwa, kwa sababu pumzi inaendeshwa na neva nyingine. Kilichopotea ni udhibiti wa toni. Hata ule mwito wa dume wa kuitana kwa mbali, ambao dume hujifunza na jike hajifunzi, baada ya neva kukatwa ulifanana na wa jike. Kwa maneno mengine, ubongo ulikuwa bado unautuma wimbo mzima, ila uliishia njiani kabla ya kufika kwenye misuli ya sirinksi.

Mwalimu_wa_Kwaya

Nimekupata. Kwa hiyo mtu anaweza kupoteza toni akabaki na mapigo na pumzi. Mimi nimeshawaona waimbaji wa hivyo, nikadhani ni uvivu wa mazoezi.

Binti_wa_Makete

Samahanini wakuu, mimi si mtaalamu. Mama yangu alitolewa goita miezi mitano iliyopita. Huku kwetu nyanda za juu goita kwa wazee wetu ni jambo la kawaida, walikula chumvi isiyo na madini joto miaka na miaka. Mama alikuwa sauti ya kwanza kwenye kwaya ya usharika. Tangu upasuaji sauti yake ina upepo mwingi, akiongea sentensi ndefu anaishiwa pumzi. Hospitali tuliyokwenda walituambia atapona tu. Mwezi uliopita akaanza kupata nafuu, anaongea bila kukwaruza sana, lakini kuimba hawezi. Akijaribu nota ya juu inakatika. Ameacha kwenda mazoezini, anasema atawaharibia wenzake. Je, haya ya ndege yana msaada wowote kwake, au nimeingia uzi usio wangu?

Mto_Kiwira

Dada, huu ndio uzi wako hasa. Mpe mama pole nyingi. Naandika kwa utaratibu, mnivumilie.

Neva inayoendesha nyuzi za sauti ina njia ya ajabu. Inatoka kwenye neva ya vagasi, inashuka hadi kifuani, upande wa kushoto inazunguka chini ya mshipa mkuu wa damu utokao moyoni, halafu inapanda tena shingoni ikipita nyuma ya tezi ya thairoidi ndipo iingie kwenye zoloto. Galen, tabibu wa karne ya 2 aliyefanya kazi Roma, alishaonyesha hadharani kwamba ukiifunga neva hii kwa nguruwe anayepiga kelele, kelele zinakatika. Kwa sababu inapita jirani kabisa na tezi, kila anayepasua goita anafanya kazi milimita chache kutoka kwenye sauti ya mgonjwa. Ikivutwa tu bila kukatika, huwa inaamka ndani ya wiki au miezi. Nyuzi za ndani ya neva zikikatika, zinaota upya taratibu, karibu milimita moja kwa siku.

Kuna na neva nyingine ndogo, tawi la juu, linaloendesha msuli unaokaza uzi wa sauti. Ikiumia hiyo, mtu anaongea karibu kawaida ila nota za juu zinamkimbia. Waandishi wengi wamedai hicho ndicho kilichompata Amelita Galli-Curci, mwimbaji maarufu wa opera, baada ya upasuaji wa goita mwaka 1935, ingawa wengine waliochunguza baadaye wamelipinga. Kwa maelezo yako ya nota kukatika, naomba mpasuaji aulizwe waziwazi: ni neva ipi, upande gani, na je, ilionekana ikiwa nzima wakati wa upasuaji? Hayo ni maswali ya kawaida, msione aibu kuyauliza.

Sasa ndege wanaingia wapi. Katika miaka ya 1990 Heather Williams wa Williams College, Marekani, alifuatilia finchi-milia wakubwa walioumizwa neva ya sirinksi. Sauti iliharibika papo hapo, hilo lilitarajiwa. Lakini wiki kadhaa baadaye wimbo ukaanza kubadilika kwa namna ambayo neva peke yake haiwezi kuieleza: ndege aliacha silabi fulani, mpangilio ukasogea. Kumbukeni huyu ni ndege ambaye wimbo wake ulikuwa umekaa kwa maisha yote. Mwaka 1999 yeye na Mehta wakachapisha jambo la kukata mzizi wa fitina. Kwenye ubongo wa mbele wa ndege kuna kituo kinaitwa LMAN. Ndege mkubwa akiondolewa kituo hicho bado anaimba wimbo wake kama kawaida, kwa hiyo si cha kuimbia. Walipokiondoa na pia kuumiza neva, yale mabadiliko ya baadaye hayakutokea. Sauti iliharibika ikabaki hivyo hivyo.

Maana yake ni kwamba mabadiliko yale hayakuwa uharibifu. Ulikuwa ni ubongo unaofanya kazi: umesikia kwamba kinachotoka sicho kilichokusudiwa, na unajaribu njia nyingine. Mwaka 2000 Brainard na Doupe wakakuta hivyo hivyo kwa ndege walioondolewa usikivu. Bila LMAN, wimbo wao haukuporomoka kama wa wenzao viziwi.

Sasa mrudie mama. Huenda ubongo wake umeanza kubadilisha mpango. Swali ni unabadilisha kuelekea wapi.

Nyota_ya_Tanga

Mkuu hapo mwisho umeniacha. LMAN inafanya nini hasa? Inatengeneza au inaharibu?

Mto_Kiwira

Nyota, inachokoza. Ndiyo namna fupi ya kusema. Inatia utofauti mdogo mdogo kwenye kila uimbaji: silabi hii leo imepanda kidogo, kesho imeshuka kidogo. Kwa kifaranga utofauti ni mkubwa sana, ndiyo ule ubwabwajaji. Kwa ndege mkubwa ni mdogo mno, hauwezi kuusikia kwa sikio, lazima kompyuta ipime. Kisha seli za dopamini, kemikali inayobeba ujumbe kwenye ubongo, zinatoa ishara ndani ya duara la vituo vya ubongo ambalo LMAN ni sehemu yake: uimbaji uliotoka vizuri kuliko ilivyotarajiwa unapewa alama, uliotoka vibaya unanyimwa. Kazi iliyofanyika Chuo Kikuu cha Cornell na kuchapishwa mwaka 2016 ilionyesha seli hizo zikifanya hivyo ndege akiwa anaimba peke yake, bila kupewa chakula wala zawadi yoyote. Anajipima mwenyewe kwa sikio lake.

Duara hili la ndege linalingana na sehemu za ndani za ubongo wetu ambazo zikiugua zinaleta ugonjwa wa Parkinson. Ndiyo maana wagonjwa wengi wa Parkinson sauti zao hufifia na kuwa za toni moja.

Dkt_Mstaafu

Nimesoma uzi wote. Kijana ameeleza vizuri, lakini naomba niweke breki mahali pawili, maana wagonjwa wanasoma.

Kwanza, neva ya sirinksi ya ndege ni tawi la neva ya 12 ya kichwa. Ya binadamu ni ya vagasi, ya 10. Sirinksi na zoloto ni viungo tofauti. Kwa hiyo huwezi kuchukua muda wa kupona wa ndege ukampa mgonjwa.

Pili, na hili ndilo zito zaidi, neva yetu ya nyuma ya tezi imebeba ndani yake nyuzi za kufungua na nyuzi za kufunga zikiwa zimechanganyika. Ikikatika na kuota, nyuzi hazijui zinarudi wapi. Ni sawa na fundi aliyerudisha umeme nyumba nzima lakini waya wa taa ya sebuleni ameufunga kwenye swichi ya jikoni: umeme upo, ukibonyeza huku kunawaka kule. Mgonjwa anataka kufunga uzi wa sauti, na msuli wa kufungua nao unavutwa wakati huo huo, uzi unasimama palepale. Kwenye kipimo cha umeme wa misuli neva inaonekana hai, kwenye kamera uzi hautembei. Hapo hakuna mazoezi yatakayopangua waya. Ndiyo maana kuna njia za upasuaji: kusogeza uzi uliolala kuelekea katikati kwa kuweka kipande pembeni ya zoloto, njia iliyoanzishwa na Isshiki wa Japani miaka ya 1970, au kuunganisha neva ya jirani ya shingo kwenye neva iliyokufa ili msuli usisinyae.

Nasema haya ili mtu asije akakaa nyumbani miaka mitatu akifanya mazoezi ya ndege.

Mto_Kiwira

Shikamoo daktari. Nashukuru sana, na yote mawili nayapokea. Hili la waya ndilo nililotaka mtu mwenye uzoefu alieleze.

Nakubali pia kwamba ndege hatupi ratiba. Anachotupa ni jinsi ubongo unavyosahihisha, na hapo kuna kazi moja naipenda kuliko zote. Mwaka 2009 Samuel Sober na Michael Brainard walitengeneza vipokea sauti vidogo vya kuvalishwa kichwani kwa finchi wa Bengali. Ndege anaimba, kompyuta inaichukua sauti yake, inaipandisha au kuishusha toni kidogo, inamrudishia masikioni palepale. Neva nzima, misuli mizima, kinachodanganywa ni sikio tu. Ndege akisikia amepanda, anashusha. Si kwa mara moja. Ni siku baada ya siku, kidogo kidogo, na hata mwisho hafidii kosa lote. Ukiacha kumdanganya, anarudi alipokuwa.

Mwaka 2012 wakaenda mbele, wakalinganisha kosa dogo na kosa kubwa. Ungetarajia kosa kubwa lirekebishwe kwa nguvu zaidi. Ilikuwa kinyume. Kosa dogo, lile lililo ndani ya utofauti wa kawaida wa sauti ya ndege huyo, lilirekebishwa karibu kikamilifu. Kosa kubwa lililo mbali na chochote alichowahi kujisikia akiimba, ndege alilirekebisha kwa sehemu ndogo sana.

Hili likikuingia, utaona kwa nini mwimbaji aliyeumia neva akirudi moja kwa moja kwenye wimbo wake wa zamani, kwenye nota yake ya juu kabisa, anagonga ukuta. Pengo kati ya kilichotoka na alichokitarajia ni kubwa mno. Ninavyoona mimi, na hapa nasema kama mtu wa kliniki, si kama matokeo yaliyothibitishwa kwa wagonjwa, ni bora aanzie pale ambapo sauti yake ya leo inakaribia kufika, na apandishe hatua ndogo.

Mwalimu_wa_Kwaya

Hapa umenigusa. Mimi mwanakwaya akirudi kutoka ugonjwa huwa namweka mahali pake pa zamani ili asijisikie mgeni. Sasa huyu mama wa Makete, mwalimu wake afanye nini kwa vitendo? Na umri, je? Mtu wa miaka sitini anabadilika kweli?

Mto_Kiwira

Mwalimu, naanza na umri. Kwa finchi-milia, Lombardino na Nottebohm walionyesha mwaka 2000 kwamba ndege mzee akipoteza usikivu wimbo wake unaporomoka polepole kuliko wa kijana. Wimbo wa mzee umekita mizizi. Ina pande mbili: hausambaratiki haraka, lakini pia huwezi kutarajia ugeuke haraka. Kwa hiyo mzee anabadilika, ila msimpimie saa ya kijana.

Kwa vitendo. Kwanza koo liangaliwe kwa kamera tena, maana miezi mitano ni kipindi ambacho picha hubadilika. Kama uzi unacheza hata kidogo, aanze na mtaalamu wa tiba ya usemi. Najua hapa kwetu ni wachache, lakini hospitali kubwa za rufaa zinaweza kumwelekeza. Kwenye kwaya, mwalimu amshushe kwa muda aimbe sauti ya pili, sehemu ya katikati ya wimbo, kwa sauti ya chini isiyo na nguvu. Aimbe kidogo kila siku kuliko kuimba saa mbili Jumamosi. Asinong'one akidhani anapumzisha koo. Wengi wakinong'ona wanabana misuli ya juu ya zoloto. Na asikaze shingo ili nota itoke. Hiyo ndiyo njia mbaya ambayo ubongo unaweza kuishika: nota inatoka leo kwa kubana, sikio linaridhika, na mwezi ujao kubana kumeshakuwa ndiyo namna yake ya kuimba. Nimewaona wagonjwa ambao neva ilipona kabisa, lakini sauti ikabaki ya kubanwa kwa sababu mwili ulikwishajifunza njia ya mkato.

Na ajisikilize. Kumbukeni Konishi. Kwaya yenye vinanda na spika kubwa si mahali pa kujisikia. Aimbe chumbani, ajirekodi kwenye simu, asikilize, arudie. Simu ya kawaida inatosha.

Kisiki_cha_Mpingo

Mkuu, nimekusoma. Bado moyo wangu uko na ndege, lakini nashukuru hukunijibu kwa dharau. Swali dogo: hao majike hawaimbi, basi wao hawachunguzwi?

Mto_Kiwira

Kisiki, kwa finchi-milia jike haimbi, na vituo vya wimbo kwenye ubongo wake ni vidogo sana au havionekani, ndiyo maana majaribio mengi ni ya madume. Lakini ziko spishi nyingi ambazo jike anaimba, hasa nchi za joto. Na kwa upande wa wagonjwa goita inawapata zaidi wanawake, kwa hiyo pengo hilo la kuchunguza madume tu linanisumbua hata mimi.

Binti_wa_Makete

Nimemsomea mama uzi wote kwa simu. Amenyamaza muda mrefu halafu akauliza kama kweli anaweza kuimba sauti ya pili bila watu kumcheka. Nimemwambia nitaongea na mwalimu wake mwenyewe. Tunarudi hospitali wiki ijayo, maswali nimeyaandika kwenye karatasi.

Jambo moja nilisahau. Akinywa maji au chai anapaliwa, karibu kila siku. Chakula kigumu hakimsumbui. Je, ni sehemu ya hili hili?

Dkt_Mstaafu

Ndiyo binti yangu, ni hili hili. Uzi wa sauti kazi yake ya kwanza ni kulinda njia ya hewa, sauti inakuja baadaye. Usipofunga vizuri, kimiminika ndicho kinachopenya haraka kuliko chakula. Jambo hili mlitaje mwanzoni kabisa mkifika, msisubiri kuulizwa.

Kwa sasa anywe mafunda madogo akiwa ameketi wima, kidevu akiinamishe kifuani kidogo na uso augeuzie upande uliolegea, kama mpasuaji atawathibitishia ni upande upi. Asiongee huku ananywa. Akipata homa, kikohozi chenye makohozi mengi, au pumzi ikianza kutoa mlio wakati anavuta hewa, msisubiri wiki ijayo. Mpelekeni siku hiyo hiyo.